Debe la Mwisho wa Shamba: Niliyojifunza kuhusu Kulenga Mbali kwa Manati

Shamba la uwele la baba yangu lilikuwa kaskazini ya reli, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Bahi, na umbo lake lilikuwa refu na jembamba, hata mtu aliyekaa juu ya dungu katikati ya shamba hakuweza kuwafukuza ndege wa mwisho wa shamba kwa sauti yake peke yake. Kwa sababu hiyo baba alisimika nguzo mbili, moja kila mwisho, akatundika kwenye kila nguzo debe tupu la mafuta ya kula, kisha akatuambia mimi na dada yangu kwamba kazi yetu ya kuamia ndege katika miezi ya Machi na Aprili haikuwa kuua kwelea kwelea bali kulipiga debe. Jiwe lilipoligonga, kishindo chake kilisambaa juu ya masuke na kundi zima liliinuka kwa pamoja, likazunguka, na mara nyingi likaenda kutua kwingine.

Kutoka dunguni hadi debe la upande wa mashariki palikuwa na hatua 46 za mtu mzima, ambazo nilipokuja kuzipima kwa futi kamba miaka mingi baadaye nilikuta ni mita 35. Kwa manati ya mtoto huo ni umbali mkubwa. Dada, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 13, alilipiga debe hilo mara nyingi kuliko alivyolikosa. Mimi niliyekuwa na miaka 9 nilimaliza msimu mzima wa mwaka 1986 nikiwa nimelipiga mara chache sana, na nilijua moyoni kwamba hata hizo zilikuwa za bahati.

Kukosa huko hakukuwa jambo la mchezo. Uwele unapoanza kujaza, punje zikiwa bado na maziwa, ndipo kwelea wanapoupenda zaidi, na ingawa ndege mmoja hafiki gramu 30 kwa uzito, kwa siku anaweza kula karibu gramu 10 za nafaka, tena haji peke yake, huja na maelfu ya wenzake. Makundi yanapozidi, serikali hutuma ndege za kunyunyizia dawa mahali yanapolala, lakini mkulima wa ekari tatu hawezi kuketi akiingoja ndege hiyo ilhali masuke yake yanabaki makapi. Kila jiwe langu lililopita kando ya debe lilikuwa dakika moja zaidi ya kwelea kuendelea kula chakula chetu, na mwisho wa shamba niliopewa mimi ndio uliovunwa kidogo mwaka ule.

Wakati huo niliamini kwamba anayekosa shabaha ya mbali amepungukiwa nguvu. Nilikata mipira mipana kutoka kwenye tyubu ya lori, nikaifunga kwenye panda ya mpera, na nilipoivuta mkono wangu wa kushoto ulitetemeka na mvuto wangu haukufika mwisho. Mara moja niliuishia kidevuni, mara nyingine kifuani, mara nyingine popote nguvu zilipokoma. Mawe niliokota yoyote yaliyokuwa karibu: vipande vya chungu, kokoto za mtoni, na hata kokoto za reli zenye kona kali, ambazo baba alitukataza kabisa kuzigusa kwa kuwa zinashikilia njia ya treni. Kokoto yenye kona ikiruka hujigeuza hewani na kupinda upande usioutazamia. Nami nilipoona imepinda niliulaumu upepo.

Dada alikuwa na kibuyu kidogo cha mawe. Kabla ya msimu alikuwa akishuka korongoni, mahali ambapo maji ya masika huacha mchanga na mawe meupe yaliyoviringwa, akichagua yaliyo makubwa kidogo kuliko njugu mawe. Tena alikuwa na kipande cha kibuyu kilichotobolewa matundu mawili kwa msumari wa moto, moja kubwa na moja dogo. Jiwe lililoshindwa kupita kwenye tundu kubwa alilitupa, na lililopita kwenye tundu dogo pia alilitupa. Aliyaweka yale tu yaliyopita kwenye kubwa na kukwama kwenye dogo. Nilimwona akifanya hivyo mchana kutwa na nikadhani anacheza. Siku moja, baada ya kuniona nikirusha mawe kumi bila debe kulia, aliniambia, "Mdogo wangu, wewe kila ukirusha unaanza upya. Jiwe lako la leo halilijui la jana."

Sikumwelewa. Nilimwelewa mwaka 2019, nikiwa mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Dodoma mjini, siku wanafunzi wangu wa kidato cha tano waliponiomba niwape mfano wa mwendo wa kitu kilichorushwa ambao wanaweza kuupima wenyewe bila kifaa cha gharama. Niliunda manati nyingine. Nilikuwa na umri wa miaka 42 na sikuwa nimeishika kwa zaidi ya miaka 25.

Kasi ya jiwe tuliipima kwa simu ya mkononi. Tulitundika debe umbali wa mita 20, tukairekodi sauti ya mpira ukiachiwa na sauti ya debe likigongwa, kisha tukapima kwenye programu ya kuhariri sauti muda uliopita kati ya milio hiyo miwili. Ulikuwa sekunde 0.57. Sauti yenyewe husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa debe ulichelewa kutufikia kwa sekunde 0.06, na jiwe likabaki na sekunde 0.51 za safari yake, yaani wastani wa mita 39 kwa sekunde. Tukakubaliana kuhesabu kwa mita 40.

Hesabu iliyofuata ndiyo iliyonirudisha dunguni. Jiwe linalokwenda mita 40 kwa sekunde, ukiacha upinzani wa hewa, hushuka sentimita 31 tu linapofika mita 10. Linapofika mita 20 huwa limeshuka mita 1.2, na mita 35 limeshuka karibu mita 3.75, kimo cha paa la nyumba ya kawaida. Umbali ukizidi mara mbili, mshuko huzidi mara nne. Mtu aliyezoea kupiga kopo umbali wa hatua kumi na mbili hana sababu ya kulijua hilo, maana pale jiwe huenda karibu moja kwa moja alikotazama.

Kilichonishtua zaidi kilikuwa tofauti ndogo za kasi. Chukua mawe mawili, moja likienda mita 40 kwa sekunde na jingine mita 38, tofauti ambayo jicho haliioni wala mkono hauihisi. Kwenye mita 10 jiwe la pili litapita chini ya lile la kwanza kwa sentimita 3. Kwenye mita 35 litapita chini yake kwa sentimita 41. Debe la lita 20 lina urefu wa takriban sentimita 35. Hivyo basi, mtu anaweza kulenga vilevile mara mbili, bila kosa lolote la jicho, jiwe moja likapita juu ya debe na la pili likapita chini yake, kwa sababu tu mawe hayakulingana au mkono haukuvuta sawasawa. Nilipoiandika hesabu hiyo ubaoni nilisimama kimya kwa muda, nikikumbuka matundu mawili ya kipande cha kibuyu.

Nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho, si ubaoni tu. Jumamosi iliyofuata nilitundika shuka kuukuu nyuma ya debe, kwenye kiwanja kilicho wazi nje ya mji chenye ukingo wa udongo nyuma yake, nikaviringisha kila jiwe kwenye vumbi jekundu ili liache alama. Kwenye mita 10, alama 30 zilikusanyika katika duara lisilozidi sahani. Kwenye mita 35 duara lile halikupanuka tu, lilirefuka: alama zilijipanga kutoka juu hadi chini kama mwiko uliosimamishwa, upana wake si mkubwa sana lakini urefu wake ulizidi mita moja na nusu. Makosa ya kushoto na kulia hukua sambamba na umbali. Yale ya juu na chini yanayotokana na kasi hukua kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo anayetaka kujua tatizo lake la mbali liko wapi na atundike shuka, asome umbo la alama zake kabla hajabadilisha chochote.

Nilianza na mawe, kama dada. Nilipoyapima mawe niliyookota ovyo kwa mizani ya maabara, uzito wake ulikuwa kati ya gramu 5 na 11. Mpira uleule hauwezi kulipa jiwe la gramu 11 kasi ya jiwe la gramu 5. Nikachagua ya gramu 6.5 hadi 7.5 peke yake, mengi yakiwa ya mviringo kutoka korongoni, na ule mwiko wa alama ulipungua karibu nusu siku hiyohiyo, bila mimi kubadilisha kitu kingine. Nimejaribu pia gololi za chuma zinazotoka kwenye beringi zilizochakaa, ambazo mafundi wa pikipiki huzitupa. Gololi ya milimita 12 ina gramu 7 hivi, sawa na jiwe langu, lakini kwa kuwa chuma ni kizito karibu mara tatu ya jiwe la ujazo uleule, gololi huwa ndogo, hupasua hewa vizuri zaidi na hupoteza kasi kidogo njiani. Uzuri wake ni kwamba zote zinafanana. Hatari yake ni kwamba ikigonga mwamba au chuma hurudi na nguvu nyingi, kwa hiyo mimi huitumia tu pale ambapo nyuma ya shabaha kuna udongo laini au blanketi lililoning'inizwa. Kwa watoto ninapendelea vidonge vya udongo wa kichuguu, vilivyofinyangwa kwa kipimo kimoja na kukaushwa kivulini visipasuke. Vikigonga hupasuka vyenyewe wala havirudi.

Baada ya mawe lilibaki jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni mahali mkono unaovuta unapoishia. Mimi huvuta hadi ngozi inayoshika jiwe ifike shavuni, na kutoka shavuni hadi kwenye panda, mkono wa kushoto ukiwa umenyooka, pana sentimita 80. Ukiishusha ngozi sentimita moja tu, mwelekeo wa jiwe hupanda kwa kiasi ambacho, jiwe likifika mita 35, ni sentimita 44. Sentimita moja ni upana wa ukucha wa kidole. Niliporudia hesabu hiyo mara tatu nikihofia nimekosea, nilielewa kwa nini wale wanaovuta "hadi usoni" bila kujua ni wapi hasa usoni hawawezi kurudia pigo walilolipata.

Mahali pa kuishia mkono panapaswa kuwa kitu cha kuguswa, si cha kukadiriwa. Nilijaribu pembe ya mdomo, lakini mdomo hubadilika mtu anapokaza meno. Nikajaribu ncha ya sikio, lakini mvuto wangu ulikuwa mrefu mno kwa mipira niliyonayo. Nilichokaa nacho ni hiki: kifundo cha dole gumba hugusa mfupa wa shavu, chini kidogo ya jicho la kulia, na sikiachii jiwe mpaka nimeuhisi mfupa. Kwa mita 35 hushusha mkono hadi kifundo kiguse pembe ya taya, maana mkono ukishuka, jiwe hupanda, na mshuko wa mbali unalipwa. Mifupa hiyo miwili haihami. Nilitumia wiki nzima ya jioni nikivuta na kurudisha polepole bila jiwe na bila kuachia, macho yakiwa yamefumbwa, hadi kifundo kilipojua njia. Wanafunzi wangu walioona zoezi hilo linachosha ndio waliobaki nyuma.

Kuhusu kushika panda, wengi wetu tulikua tukiishika wima na kulenga katikati ya matawi yake mawili. Siwakosoi wanaoendelea hivyo, lakini tangu nilipoilaza kwa ubavu, mpira mmoja ukawa juu ya mwingine, jicho langu hutazama kwa kufuata mpira wa juu kama mtu anayeangalia kama ubao umenyooka, na makosa yangu ya kushoto na kulia yalikaribia kwisha. Ncha ya juu ya panda huwa alama yangu. Mipira yenyewe lazima ilingane kwa urefu na upana, kwa sababu ule ulio mfupi au mpana zaidi hulivuta jiwe upande wake, na katika panda iliyolazwa kosa hilo huonekana kama jiwe kwenda juu au chini bila sababu.

Nimesema mipira, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wazee wa kwetu walikuwa na neno ambalo nililipuuza. Walisema tyubu nyekundu za zamani zilikuwa na "roho", na kwamba hizi nyeusi zimekufa. Walikuwa sahihi. Tyubu nyingi nyeusi za sasa hutengenezwa kwa mpira wa butili, ambao sifa yake ni kuzuia upepo usivuje. Lakini unapovutwa na kuachiwa hurudi kwa uvivu na sehemu kubwa ya nguvu uliyoiweka hupotea kama joto. Mpira asilia hurudisha nguvu hiyo haraka zaidi. Siku hizi mimi hununua mpira mwembamba wa rangi ya asali, ule ambao wahudumu wa afya huufunga mkononi wakati wa kutoa damu, na kwa mkono uleule na jiwe lilelile nilipata hatua 20 zaidi kuliko kwa tyubu. Manati kwa kweli ni kifaa kipya ukiilinganisha na kombeo ambalo limetumika maelfu ya miaka, maana haikuwezekana kabla watu hawajajua kuupika mpira pamoja na salfa ili usilainike kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, ugunduzi ambao Charles Goodyear aliupatia hataza nchini Marekani mwaka 1844.

Mpira una kumbukumbu, nayo humdhuru anayechelewa kuachia. Niliufunga kwenye mizani ya springi ya maabara, nikauvuta hadi urefu wangu wa kawaida: mizani ilisoma nyutoni 52. Nikauacha hapohapo bila kuusogeza, na baada ya sekunde 10 ilisoma 48. Nguvu ilikuwa imepungua huku mkono wangu ukiwa umetulia tuli. Kabla ya hapo nilidhani kwamba kadiri ninavyolenga kwa muda mrefu ndivyo ninavyolenga vizuri, kumbe nilikuwa nikibadilisha kasi ya kila jiwe kwa kusitasita kwangu. Sasa nahesabu moja, mbili, naachia. Na nikihisi sijatulia ifikapo mbili, narudisha mkono polepole na kuanza tena, siachii kwa kujilazimisha. Baridi nayo huupunguza mpira nguvu. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma huwa na baridi ya kutosha kuvaa sweta, na mawe yangu ya saa moja asubuhi hutua chini ya yale ya saa nane mchana hata nikilenga sawa, kwa hiyo huiweka mipira mfukoni kwanza ipate joto la mwili. Jua kali nalo huukausha na kuupasua. Usiuache ukining'inia ukutani.

Kuachia ni kitendo kidogo chenye makosa mengi. Vidole vinavyolibana jiwe, yaani dole gumba na kidole cha shahada, vinapaswa kufunguka kwa pamoja na mkono ubaki ulipokuwa. Wengi huupeleka mkono mbele kulifuata jiwe, na hapo hupunguza mvuto bila kujua. Wengine huukwanyua pembeni, na ngozi huondoka ikiwa imepinda. Mkono wa kushoto nao usishuke kutazama jiwe limefika wapi. Acha panda ibaki mahali pake hadi usikie debe.

Niseme pia jambo lililonipata nikiwa na miaka 11, kwa sababu kulinyamazia kungekuwa kosa. Mpira wangu ulikuwa na mkato mdogo karibu na fundo, niliuona asubuhi na nikautumia hivyohivyo. Ulikatika nikiwa nimeuvuta hadi mwisho, ukanirudi usoni na kuichana nyusi ya kulia. Kovu lipo hadi leo, nusu kidole juu ya jicho. Tangu nianze tena sijawahi kuvuta bila miwani ya plastiki ya mafundi wa kuchomelea na kukata vyuma, na hakuna mwanafunzi anayevuta karibu nami bila kuivaa. Mpira nakata kwa wembe mpya kwa mkato mmoja, maana ukingo wenye meno ndipo mpasuko unapoanzia, na nauvuta na kuukagua kila siku kabla ya jiwe la kwanza. Jiwe la manati lina uwezo wa kupofusha mtu aliye mbali zaidi ya debe langu. Hivyo sirushi kuelekea njia, nyumba wala mifugo. Sirushi kwa ndege pia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali, na hata bila sheria hiyo kopo hunifundisha zaidi, kwa kuwa hukaa pale pale na kuniambia ukweli.

Upepo wa Dodoma kila mtu anaujua, hasa ule wa miezi ya kiangazi unaotoka mashariki na kusini-mashariki. Nitasema machache. Hujifunzi kulenga siku ya upepo. Jifunze alfajiri na jioni hewa ikiwa imetulia, ili ujue makosa yako ni yapi, ndipo uende kwenye upepo. Jiwe jepesi hupelekwa mbali zaidi kuliko zito, na upepo unaotoka ubavuni husumbua zaidi ya ule unaokuja usoni. Umbali nao upimwe. Kwenye mbuga iliyo wazi, pasipo mti wala nyumba ya kulinganisha, jicho hudanganya sana. Niliwahi kukadiria mita 25 mahali ambapo futi kamba ilisoma 34, na kwa umbali huo kosa la mita 9 ni zaidi ya mita moja na nusu ya mshuko.

Mwaka 2021, mwezi wa Aprili, nilikwenda Bahi kumtembelea dada. Analima shamba lilelile, nguzo ni mpya lakini zimesimama palepale, na binti yake wa mwisho ndiye aliyekuwa dunguni. Nilimweleza dada hesabu zangu zote, sentimita 41 na sentimita 44 na nyutoni 48, akanisikiliza kwa utulivu huku akichambua mlenda. Kisha nikamwuliza yeye alikuwa akilenga nini zamani, kwa kuwa sasa nilijua kwamba aliyelenga debe lenyewe asingeweza kulipiga.

"Silengi debe," alisema. "Nyuma yake kulikuwa na mkwaju. Kuna tawi lilikuwa limevunjika, nilikuwa nalenga lile."

Nilikwenda kutazama. Mkwaju bado upo, tawi lile limeoza na kuanguka zamani, lakini kovu lake shinani linaonekana, na nilipoinua macho kutoka debe hadi kwenye kovu nilikadiria ni kama mita nne. Mpwa wangu hakuwa akijua habari za tawi hilo. Yeye alilenga ncha ya nguzo ambayo mama yake aliisimika makusudi nyuma ya debe na kuipaka chokaa, na kiunoni alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye mawe meupe, yote ya ukubwa mmoja.

Tulirusha kwa zamu jioni ile, mawe 20 kila mmoja, kwa manati yangu na mipira yangu. Mimi nilipiga debe mara 11. Yeye alipiga mara 14, na katika sita alizokosa, tano zilipita chini, zote katika zamu za mwisho jua lilipokuwa limeshazama na hewa kuanza kupoa. Nikamwambia aiweke mipira mfukoni kwanza. Aliiweka, akahesabu hadi mia, akavuta, na kwelea waliokuwa wameanza kutua kwenye masuke ya mashariki wakainuka.